Huduma ya Uuguzi Inayomweka Mgonjwa Katikati
Mada kwa wakazi wa Lingeka



Mwananchi anapozungumzia huduma za afya, aghalabu huanza na vitu vinavyohesabika: jengo, vitanda, dawa, gari la wagonjwa. Ana haki ya kuanza hapo, kwa sababu pasipo dawa hakuna tiba. Hata hivyo, ipo sehemu nyingine ya huduma ambayo haionekani katika taarifa za ujenzi wala katika orodha ya vifaa, nayo ni namna mgonjwa anavyopokelewa, anavyoulizwa, anavyoelezwa na anavyoagwa. Sehemu hiyo, kwa kiasi kikubwa, imo mikononi mwa muuguzi. Tabibu hupita kitandani asubuhi, huandika na kuondoka, muuguzi hubaki. Ndiye anayepima joto usiku wa manane, anayebadilisha dripu, anayemwinua mzee asiyeweza kujigeuza, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuambiwa jambo ambalo mgonjwa aliona haya kumwambia tabibu.

Katika taaluma ya uuguzi, utaratibu wa kuijenga kazi hii juu ya mahitaji, maoni na utu wa mgonjwa huitwa huduma inayomweka mgonjwa katikati. Yafaa kuondoa dhana moja potofu mapema. Kumweka mgonjwa katikati si kumpa kila anachokitaka. Mgonjwa wa mafua anayedai sindano kwa kuwa anaamini vidonge havina nguvu hatapewa sindano isiyomfaa. Lakini ataelezwa kwa nini hapewi, kwa lugha anayoielewa, na hatafukuzwa dirishani kwa neno la dharau. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo mada ya leo.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Florence Nightingale, mwanamke wa Uingereza anayehesabiwa kuwa mwasisi wa uuguzi wa kisasa, aliandika mwaka 1859 kuhusu madhara ya kelele zisizo za lazima karibu na mgonjwa, na kuhusu watu wanaonong'ona chumbani mwake huku yeye akijua fika kwamba anayesemwa ni yeye. Miaka 165 na ushei imepita, na minong'ono ya namna hiyo bado inasikika wodini. Mwaka 2001, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipotaja malengo sita ya huduma bora za afya, iliweka kumlenga mgonjwa sambamba na usalama wake. Yaani jambo hili si pambo la kuongezwa baada ya tiba kukamilika. Lisipokuwepo, tiba yenyewe hupotea njiani.

Hupotea vipi? Itazamwe bahasha ndogo ya dawa, ile iliyoandikwa 1×3. Kwa muuguzi na kwa mtoa dawa, maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kwa mtu ambaye hakuelezwa, alama hizo zaweza kuwa vidonge vitatu kwa mara moja, au kidonge kimoja kwa siku tatu. Tuseme ameelezwa, akaongezewa na maneno "baada ya kula". Katika msimu wa palizi ya pamba, kaya nyingi hutoka alfajiri kwenda shambani na kupata mlo wa uhakika jioni tu. Mgonjwa mwaminifu, anayetaka kufuata maagizo, hukaa bila dawa mchana kutwa kwa kuwa hajala. Ikifika jioni humeza vidonge vyote vitatu kwa pamoja ili asipoteze dozi. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Dawa ilikuwepo, kipimo kilikuwa sahihi, maandishi yalikuwa sahihi, na tiba imeharibika kwa sababu hakuna aliyemwuliza mgonjwa huyo anakula saa ngapi.

Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kutotegemea swali la "umeelewa?" Karibu kila mtu hujibu "ndiyo", hususan mzee aliyelelewa katika adabu ya kutobishana na mtaalamu. Swali lenye manufaa ni la namna nyingine: "Bibi, ukifika nyumbani, utamwelezaje mjukuu wako jinsi ya kukupa dawa hii?" Bibi akieleza kwa maneno yake mwenyewe, kosa hujitokeza palepale na kusahihishwa kabla hajapanda bodaboda. Zoezi hilo halichukui dakika tatu. Kwa mgonjwa wa presha au kisukari, ambaye atameza dawa kwa miaka na ambaye hushawishika kuacha mara tu anapojisikia nafuu, dakika hizo ni sehemu ya tiba sawa na kidonge chenyewe.

Suala la lugha linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa linaigusa Bariadi kwa namna ya pekee. Watumishi wa afya hupangiwa vituo kutoka mikoa yote ya Tanzania, na muuguzi aliyezaliwa Mtwara au Kilimanjaro hafiki Simiyu akijua Kisukuma. Vijana wengi huzungumza naye Kiswahili bila tabu. Taabu ni kwa wazee, hasa akina mama wazee, ambao Kiswahili chao hutosha kununulia chumvi lakini hakitoshi kuelezea maumivu yanayoanzia kiunoni na kushuka pajani, yanayochoma usiku na kupoa asubuhi. Mzee wa namna hiyo, akiulizwa kwa Kiswahili anaumwa wapi, hujibu "mwili mzima". Jibu hilo huandikwa, na tiba hutolewa kwa kufuata jibu hilo.

Utatuzi wa kawaida ni mjukuu. Bibi huja na kijana wa miaka 13, naye hutafsiri. Kwa kikohozi au homa, utaratibu huo unatosha. Lakini yapo maradhi ambayo bibi hawezi kuyataja mbele ya mjukuu wake wa kiume hata kama yatamwua: kizazi kinachoshuka, haja ndogo isiyozuilika, kutokwa na damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Dalili hiyo ya mwisho yaweza kuwa ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika na ikichelewa huua. Bibi atasema mgongo unamuuma. Mjukuu atatafsiri mgongo. Dawa ya maumivu itatolewa, na wote watatu watarudi kwao wakiamini kwamba huduma imetolewa.

Muuguzi mwenye kumweka mgonjwa katikati hulitambua hilo mapema. Humwomba kijana asubiri nje, humtafuta mhudumu mwenzake mwanamke anayejua Kisukuma, naye mwenyewe hujifunza maneno machache ya kuanzia. Salamu ya "mwangaluka" inayotoka kinywani mwa muuguzi mgeni haiponyi ugonjwa wowote, lakini mama anayeisikia na kuitikia "mhola" hukaa vizuri zaidi kwenye benchi na huanza kusema. Jamii nayo ina wajibu wake. Familia inayomleta mama mzee kituoni ifikirie ni nani anayefaa kumsindikiza. Binti mtu mzima au mke wa mwana aghalabu atafaa kuliko kijana aliyekosa cha kufanya siku hiyo.

Palipo na siri, pana pia wajibu wa kuilinda. Majibu ya kipimo cha VVU ni siri kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Katika kijiji ambamo watu wote wanafahamiana, siri haivuji kupitia makaratasi pekee. Huvuja mgonjwa anapoitwa kwa sauti kwa jina la ugonjwa wake, anapoelekezwa kwenye mlango ambao kila mtu anajua ni wa nini, au muuguzi anapopiga soga sokoni. Mgonjwa aliyeona siri ya jirani yake ikitoka hataisema ya kwake.

Kuhusu familia, mila za huku zina nguvu ambazo nchi nyingi zilizoendelea zinazitafuta kwa gharama. Mgonjwa wa Kisukuma halazwi peke yake. Dada hupika uji, shangazi hufua, kaka hutafuta nauli. Muuguzi mwenye busara huwatumia ndugu hawa: huwaonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa aliyepooza ili asipate vidonda vya mgongo, namna ya kusafisha kidonda, na dalili zinazodai arudishwe haraka. Kuwachukulia ndugu kama usumbufu wa kufukuzwa wodini ni kupoteza nusu ya nguvu kazi iliyopo.

Nguvu hiyohiyo ina upande mgumu. Uamuzi wa mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu ni wa mgonjwa mwenyewe. Ndugu hushauri, hufariji na huchangia. Ridhaa ni ya anayetibiwa. Panapotokea mama mwenye uchungu pingamizi anayehitaji upasuaji, na familia ikasema asubiriwe mume aliyekwenda mnadani, kila nusu saa inayopita ni hatari kwa mama na kwa mtoto. Mkunga humweleza mama mwenyewe, kwa utulivu na kwa ukweli, na jibu lake ndilo linalofuatwa. Wazee wa ukoo watatenda jambo jema sana wakilizungumza hili nyumbani wakati hakuna mgonjwa, kwa sababu usiku wa rufaa hauna nafasi ya kikao.

Pengine mtu atauliza kama haya yote yamewahi kujaribiwa mahali nchini au ni maneno ya vitabuni tu. Yamejaribiwa, na mfano unaofaa kusimuliwa ni wa Mkoa wa Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, ambako kuanzia mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani iliendesha mradi uliopewa jina la Kiswahili, Staha. Watafiti waliwauliza akina mama waliojifungulia vituoni kama walitukanwa, walifokewa, walipigwa, walipuuzwa au walifanyiwa jambo lolote la kuwadhalilisha. Walipoulizwa wakati wakitoka kituoni, mama 19 kati ya kila 100 walisema ndiyo. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki chache baadaye, waliosema ndiyo walifika 28 kati ya kila 100.

Tofauti ya takwimu hizo mbili ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko takwimu zenyewe. Kituoni, mama bado amemshika mtoto mchanga, bado anamhitaji muuguzi, na anajua atarudi kwa chanjo. Hunyamaza. Nyumbani, akiwa miongoni mwa watu wake, husema. Kwa hiyo sanduku la maoni lililotundikwa ukutani mwa kituo, hata likifunguliwa kila mwezi, haliwezi kubeba ukweli wote. Ukweli mwingine umekaa barazani, kisimani na kwenye vikundi vya akina mama, na kiongozi wa kijiji anayetaka kuujua hana budi kuufuata huko.

Yaliyofanyika Tanga baada ya hapo hayakuhitaji majengo mapya. Mkataba wa huduma kwa mteja, unaosema mwananchi atarajie nini na watumishi wanamdai nini, ulijadiliwa na jamii pamoja na watumishi, ukapitishwa na kusambazwa. Katika kituo kilichoingizwa kwenye mpango, mapokezi ya wajawazito yalihamishiwa mahali penye faragha, mapazia yakatumika wakati wa uchunguzi na wa kujifungua, vifaa vilivyoisha vikatangazwa wazi ili mama asidhani amefichiwa, na akina mama wakawa wanaulizwa maoni yao wakati wa kutoka. Watumishi waliokuwa wakali walizungumzwa nao. Na watumishi wa wodi ya wazazi wakapewa chai katika zamu ndefu. Upimaji wa mwisho, mwaka 2015, ulionyesha kwamba uwezekano wa mama kutendewa bila staha ulipungua kwa takriban theluthi mbili, ukilinganishwa na mahali ambapo mpango huo haukupelekwa.

Mapazia na chai. Yaonekana mambo madogo mno kuweza kubadili jambo zito kama hilo, lakini aliyewahi kujifungua mahali ambapo kila anayepita koridoni anamwona hatashangaa kuhusu pazia, na aliyewahi kukesha zamu ya usiku hatashangaa kuhusu chai.

Mkoani Kigoma nako, kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai lilisaidia vituo kadhaa vya serikali kuwaruhusu wajawazito kuwa na msindikizaji wamtakaye chumbani wakati wa uchungu na kujifungua, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilikuja kulipendekeza kwa mara nyingine katika mwongozo wake wa mwaka 2018. Mama aliyeshikwa mkono na dada yake huvumilia uchungu kwa namna tofauti, na mkunga mwenye wagonjwa watatu hupata jicho la ziada la kumwita mambo yakibadilika.

Umuhimu wa hayo unaonekana katika takwimu za taifa. Utafiti wa hali ya afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hichohicho, uzazi unaofanyika vituoni uliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Akina mama wameitikia wito wa kwenda kituoni. Kinachoamua kama watarudi kwa mimba inayofuata, na kama watamshauri mdogo wao aende, ni walivyotendewa mara ya kwanza. Mama aliyefokewa akiwa katika uchungu hatabishana na mtu yeyote. Mimba ijayo ataugulia nyumbani tu, na akianza kutoka damu nyingi, umbali wa kituo utakuwa uleule.

Haki inataka upande wa muuguzi nao usemwe. Muuguzi mmoja anayebaki zamu ya usiku na wodi nzima, huku mama mmoja akisukuma mtoto na mwingine akitapika, hawezi kuketi na kumsikiliza kila mtu. Kumtaka atabasamu bila kumwongezea mikono ni kumdai asichonacho. Aidha, wapo wananchi wanaofika kituoni wakiwa wamelewa, wanaomtukana muuguzi kwa sababu dawa imeisha, na wanaoruka foleni kwa kuwa wana ndugu katika serikali ya kijiji. Mkataba wa huduma una pande mbili. Hata hivyo, uchache wa watumishi hauelezi kila kitu. Kumsalimu mgonjwa, kujitambulisha kwa jina, kuvuta pazia na kumweleza mtu sindano ni ya nini kabla ya kumchoma ni mambo ambayo uchache wa watumishi haujawahi kuyazuia.

Lipo jambo moja la mwisho katika dhana hizi, nalo ni mwendelezo wa huduma. Mgonjwa wa Lingeka huweza kuanzia zahanati, akapelekwa kituo cha afya, akafika hospitali mjini Bariadi, na hali ikiwa mbaya akapewa rufaa hadi Bugando jijini Mwanza. Katika kila ngazi huulizwa upya maswali yaleyale, na katika kila ngazi huweza kupotea kipande cha habari. Barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri, ikieleza dawa alizokwisha kupewa na saa alizopewa, humlinda. Vivyo hivyo karatasi ya kuruhusiwa anaporejea. Karatasi hizo zihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, mahali pakavu, na ziletwe kila mara mgonjwa anaporudi zahanati, ili muuguzi wa kijijini aendeleze pale hospitali ilipoachia.

Mwananchi aliyetendewa isivyostahili, au aliyemwona jirani akitendewa hivyo, anayo njia ya kufuata. Kwanza azungumze na mfawidhi wa kituo, na ikiwezekana siku hiyohiyo, kwa kuwa mengi humalizika hapo. Yasipomalizika, kamati ya usimamizi ya kituo ina wajumbe wanaotoka katika jamii, na kazi yao ni pamoja na kuyabeba malalamiko ya wenzao. Baada ya hapo yupo mtendaji wa kijiji na wa kata, kisha ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri. Mwenendo wa kitaaluma wa wauguzi na wakunga unasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lililopo kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Malalamiko yawe na tarehe, zamu, jambo lenyewe lilivyotokea, na jina la mhudumu kama lilionekana kwenye kitambulisho chake. Lalamiko la "wauguzi wa pale ni wakali" halimsaidii mtu yeyote kulichunguza. Muuguzi aliyetenda vema naye atajwe kwa jina kwa njia hizohizo, kwani mfawidhi anayepanga zamu anahitaji kujua wote wawili.